Milima ya Masisi si ya waridi: rangi za Kivu zirudi mikononi mwa wenyewe

Mwaka 2013, watu walioingia kwenye ukumbi wa Ireland katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, nchini Italia, walikuta skrini sita gizani, na ndani yake milima ya Kivu ikiwa na rangi ya waridi. Nyasi za waridi, miti ya waridi, watu wenye bunduki wamesimama katika pori jekundu. Mwenye kazi hiyo ni Richard Mosse, raia wa Ireland, na kazi yenyewe inaitwa The Enclave. Mwaka uliofuata, 2014, alishinda zawadi ya upigaji picha ya Deutsche Börse mjini London. Tangu hapo, kwa watu wengi wa Ulaya na Marekani ambao hawatafika Sake wala Pinga hata siku moja, hiyo ndiyo rangi ya Kivu.

Mtu aliyezaliwa Nyabiondo au Mweso hahitaji kuambiwa kwamba hakuna malisho ya waridi Masisi. Kuna kijani, na kijani chenyewe ni cha namna nyingi: kijani cha malisho baada ya mvua, kijani cha majani ya maharage, kijani cha fedha cha mikaratusi. Kuna wekundu wa udongo kwenye barabara ya Walikale, unaoshika magurudumu ya malori na nguo za abiria. Kuna weusi wa mawe ya volkano pale Sake, mawe yanayokata viatu. Kuna ukungu wa asubuhi unaoufanya mlima wa mbali uonekane wa buluu. Na kwa miaka mingi sasa kuna weupe wa bashi, safu kwa safu, juu ya mawe na matope.

Wengine watasema hayo ni mambo ya wachoraji tu. Si kweli. Rangi, pamoja na mguso, yaani namna uso wa kitu ulivyo ukiupitishia mkono, laini au wenye kukwaruza, ndivyo vitu ambavyo msanii hutumia kumwambia mtazamaji aamini nini kabla hajasoma hata neno moja. Anayechagua rangi ya picha ya Masisi amekwisha kusema jambo kuhusu Masisi. Na mara nyingi mno, anayesema si mtu wa Masisi wala wa Walikale.

Waridi hiyo ilitoka wapi

Haki itendeke kwa Mosse. Hakupaka rangi kwa mzaha. Filamu aliyotumia, Aerochrome ya kampuni ya Kodak, ni filamu yenye asili ya kijeshi, na Kodak ilikuwa imekwisha kuacha kuitengeneza. Majani mabichi hurudisha aina ya mwanga ambayo jicho la mtu halioni. Filamu ile huukamata mwanga huo na kuugeuza waridi au nyekundu. Kitambaa kilichopakwa kijani ili kumficha askari hakirudishi mwanga huo kama majani yanavyofanya, kwa hiyo aliyejificha huonekana kutoka angani. Mosse alieleza kwamba alitaka kuonyesha vita ambavyo dunia haivioni. Wazo lina akili, na wengi waliosimama mbele ya picha zile hawakuwa wamewahi kuuliza lolote kuhusu Kongo.

Lakini hesabu haiishii hapo. Picha nyingi katika kazi zake za Kivu zilipewa majina ya nyimbo za Ulaya na Marekani, kisha likafuata jina la jimbo na mwaka. Kijiji hakitajwi. Mwenye shamba hatajwi. Rangi iliyobuniwa kumtafuta adui kutoka kwenye ndege ikawa jicho la kuwatazama watu waliokwisha kuchoka kutafutwa. Naye mtazamaji wa Venice alitoka akisema ni vizuri na inatisha, kama ndoto. Mama aliyeacha maharage shambani kabla ya kuyavuna na kupanda barabara ya Sake na mtoto mgongoni hakuwa anaota.

Asiyependa hoja hii atajibu kwamba msanii ana uhuru, na kwamba rangi isiyo ya kweli si dhambi. Hapo ana haki. Goma kuna sanamu kubwa ya chukudu, na ni ya rangi ya dhahabu. Hakuna aliyewahi kuona chukudu la dhahabu. Chukudu halisi ni mti uliochongwa, wenye mikwaruzo, gurudumu limefungwa mpira wa tairi kuukuu, juu yake magunia ya viazi au mkaa. Hata hivyo watu wa Goma hawakulalamika kwamba wamedanganywa, kwa sababu kila mpita njia anaelewa maana: mtu anayesukuma mzigo tangu alfajiri amepewa heshima ya dhahabu. Rangi ile inaongea na watu wanaokijua chombo chenyewe, na wao ndio wanaoipitia kila siku. Swali la kumuuliza msanii ni hilo: rangi yako inaongea na nani, na je, anayechorwa anaielewa na ameikubali?

Rangi ya huruma

Waridi ni mfano mmoja tu, tena wa mtu mmoja. Kuna rangi nyingine iliyozoeleka zaidi, nayo ni kijivu. Fungua taarifa yoyote ya misaada kuhusu wakimbizi wa ndani wa Kivu. Mawingu yametiwa uzito. Kijani kimepunguzwa mpaka kimekauka. Matope yameongezwa giza, na kila mkunjo wa uso wa mzee umekolezwa kwa programu ya kuhariri picha mpaka uso unafanana na gamba la mti. Kanga ya mama iliyokuwa ya manjano na zambarau imefifia. Mtu aliyepigwa picha akiwa amevaa nguo yake nzuri, kwa sababu aliambiwa kuna wageni, anakuta ameonyeshwa duniani kama mtu asiye na rangi.

Kazi hiyo ina historia ndefu. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi za filamu kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, filamu ilihesabiwa kuwa nzuri. Ngozi nyeusi ilitoka kama kivuli, meno na macho tu ndiyo yakionekana. Kampuni zilianza kurekebisha jambo hilo zaidi baada ya wafanyabiashara wa samani na wa chokoleti kulalamika kwamba bidhaa zao za rangi ya kahawia hazionekani sawasawa. Kiti na chokoleti vilisikilizwa kabla ya uso wa mtu mweusi. Mpiga picha wa leo mwenye kamera ya kisasa hawezi tena kuisingizia filamu. Akitoa uso wa mtu wa Masisi ukiwa kivuli, ameamua mwenyewe.

Kisha kuna kuta. Shirika linakuja, linataka ukuta wa shule au wa kituo cha afya uchorwe picha za amani. Rangi zimekwisha kuchaguliwa ofisini: zile za nembo ya shirika. Mchoraji kijana anapewa ndoo tatu na mfano uliochapishwa kwenye karatasi. Anachora njiwa, mikono inayoshikana, watoto wasio na pua, yote laini na bapa kama tangazo la sabuni. Mvua mbili zikipita, rangi inamenyuka. Jina la shirika limeandikwa kwa herufi kubwa chini ya picha, jina la mchoraji halipo. Kisha watu huuliza kwa nini Masisi haina wasanii.

Waliochora kwa mikono yao

Wasanii wa nchi hii walikwisha kuonyesha njia nyingine. Tshibumba Kanda-Matulu, wa Katanga, alichora historia nzima ya Kongo miaka ya 1973 na 1974, picha zaidi ya 100, na kuieleza picha baada ya picha kwa Kiswahili cha Katanga katika mazungumzo na mtafiti Johannes Fabian. Wachoraji wa aina yake hawakuwa na turubai ya dukani. Walichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, wakikipaka kwanza rangi nyeupe. Rangi zake ni kali, mipaka iko wazi, maneno yameandikwa ndani ya picha, ili mtu wa mtaani aelewe akiwa amesimama. Umaskini wa kitambaa haukumnyima heshima. Ulimpa sauti ambayo kila nyumba ya wafanyakazi iliitambua.

Huko Dar es Salaam, Edward Said Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora wanyama na ndege juu ya mbao laini za kujengea dari, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ile ya kupaka baiskeli. Uso wa picha zake ni wa kuteleza, unarudisha mwanga, na leo mtu anautambua akiwa mbali. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na mtindo ukabeba jina lake.

Karibu zaidi na Walikale, upande wa Shabunda, Walega walikuwa na vinyago na sanamu ndogo za mti na za pembe za ndovu, mali ya chama cha bwami. Vinyago vya mti vilipakwa udongo mweupe. Vya pembe vilipakwa mafuta na kusuguliwa, kutoka mkono hadi mkono, kizazi hadi kizazi, mpaka vikapata ule wekundu na ulaini wa asali. Rangi yake ni alama ya mikono iliyovishika. Leo vingi viko katika makumbusho ya Ulaya, nyuma ya vioo, na mkono hauruhusiwi kuvigusa. Utawala wa Wabelgiji ulipoipiga bwami marufuku, mikono hiyo ndiyo iliyofungwa.

Na Walikale yenyewe ni nchi ya utenzi wa Mwindo wa Wanyanga. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walipouchapisha mwaka 1969, jina la mtambaji, Shekarisi Rureke, liliandikwa. Kama mtambaji aliweza kutajwa wakati ule, mchoraji wa ukuta wa shule anaweza kutajwa leo.

Lawama nyingine iwaendee wachoraji wenyewe. Wapo wanaochora jua la machungwa, mti wa nyika na simba, kwa sababu mgeni hununua. Masisi haina nyika wala simba. Ina ng'ombe, jibini la mviringo la manjano, nyumba za mbao zilizoshika moshi, mabati yenye kutu. Wamama wanaokandika kuta za nyumba kwa udongo na majivu wanajua mambo ya mguso kuliko wengi wanaojiita wasanii. Mchanga wa volkano ukichanganywa na gundi na kupakwa kwenye ubao, ukakauka, kisha ukapakwa rangi, unatoa ukuta wa Sake wenye kukwaruza kweli. Mkaa unatoa weusi. Udongo wa barabara ya Walikale, ukichekechwa vizuri, unatoa wekundu ambao hakuna ndoo ya dukani inayoufikia. Mtoto wa kambini ana vifaa hivyo miguuni mwake.

Kioo cha simu

Sasa picha nyingi hazichorwi ubaoni, zinatengenezwa kwenye skrini, na huko mambo hubadilika. Katika ndoo ya mchoraji, manjano na buluu huzaa kijani. Kwenye skrini hakuna ndoo: kuna taa ndogo sana za nyekundu, kijani na buluu, na nyekundu ikiwaka pamoja na kijani jicho huona manjano. Mguso nao haupo. Kidole kinagusa kioo kilekile laini, hata picha ikiwa ya jiwe la Sake. Msanii wa kidijitali huubuni mguso kwa mwanga na kivuli: kila punje anaiangaza upande mmoja na kuitia giza upande wa pili, na jicho linakubali kwamba limeona jiwe.

Skrini hizo zina deni kwa wilaya hizi mbili. Koltani ya Rubaya, ambayo inakadiriwa kuwa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, hutoa tantalamu inayotumika katika vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu. Kasiteriti ya Bisie, wilayani Walikale, hutoa bati linalounganisha vyuma vya simu, na bati ni sehemu pia ya utando mwembamba unaoifanya skrini isikie kidole. Watu wa Masisi na Walikale wamechimba kitu ambacho ndani yake dunia inawachora.

Hapo ndipo jambo linapogusa maisha. Familia iliyokimbia Masisi na kulala kwa ndugu Goma hupokea picha kwenye simu: soko limejaa, mboga kijani, jua kali, na maneno kwamba wote wamekwisha kurudi. Au inapokea mtaa huohuo ukiwa umetiwa wekundu na giza, na maneno kwamba hakuna aliyebaki. Kwa picha ya kwanza baba anaweza kuwarudisha watoto mahali penye risasi. Kwa picha ya pili mama anaweza kuacha shamba ambalo hakuna aliyeligusa. Rangi peke yake imetosha kuwahamisha watu.

Anayejua kazi ya msanii hadanganywi upesi. Picha iliyotengenezwa na akili bandia mara nyingi hushindwa kwenye mguso: ngozi haina jasho wala vinyweleo, matope yanang'aa kama plastiki, bashi haina mikunjo wala kamba, maandishi kwenye gunia hayasomeki, vivuli vinaelekea pande tofauti. Picha ya kweli nayo inaweza kutumiwa kwa uongo, ikiwa ni ya mwaka mwingine au ya mlima mwingine. Na picha ikitumwa na kutumwa tena kwenye simu hupoteza ubora, punje zinayeyuka, yanabaki madoa, na uongo unapata pa kujificha. Kumfundisha kijana kuangalia mguso wa picha ni kulinda familia yake.

"Watu wanakufa, nyinyi mnaongea rangi"

Neno hilo husemwa mara nyingi, na linastahili jibu. Ni kweli kwamba unga unakuja kabla ya rangi, na dawa kabla ya turubai. Hakuna anayeomba fedha za chakula zinunue brashi.

Lakini fikiria yaliyotokea mwezi wa pili mwaka 2025. Kambi kubwa za kando ya Goma, kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, zilibomolewa kwa muda mfupi. Familia nyingi sana kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo ziliishi pale, watoto walizaliwa pale, wazee walizikwa karibu na pale. Bashi zimeondoka, mawe yamebaki. Mtoto wa Bulengo akikua na kuuliza nyumba yao ilikuwaje, ataonyeshwa nini? Kwa sehemu kubwa, picha za wageni na za mashirika, zenye kile kijivu. Hatamwona mama yake akiwa na kanga ya manjano. Hataona bustani ndogo ya lengalenga iliyopandwa kati ya mawe, wala kiraka cha buluu ambacho baba alishonea bashi iliyochanika. Watu wasio na picha zao wenyewe huambiwa na wengine walikuwa nani, na katika nchi ambayo kila ardhi inagombewa, kumbukumbu ya nani aliishi wapi si anasa.

Kwa hiyo mambo machache yafanywe, na hayahitaji mkutano wa hoteli.

Shirika linalolipia ukuta uchorwe liketi kwanza na watu wanaouona ukuta huo kila siku, rangi zichaguliwe nao, mchoraji alipwe kama fundi mwingine yeyote na jina lake liandikwe. Mpiga picha, awe mgeni au mwenyeji, amwonyeshe aliyempiga picha ile iliyokwisha kuhaririwa, na akikataa, isitoke. Jina la kijiji liandikwe kila mahali ambapo halimhatarishi mtu. Redio na wenye makundi ya simu wasisambaze picha bila maswali matatu: wapi, lini, nani aliipiga. Vituo vya vijana kama Yolé!Africa ya Goma, iliyoanzishwa na Petna Ndaliko Katondolo na kufundisha vijana wengi filamu na sanaa, visiachwe vibebe kazi hii peke yao. Shule za Masisi-Centre, Kitchanga na Walikale-Centre zinaweza kuanza na mkaa, udongo na gunia.

Nazo familia zilizokimbia zisingoje mtu. Aliye na picha ya nyumba yake aitunze bila kuibadilisha rangi. Asiye nayo aichore, yeye au mtoto wake, hata kwa mkaa kwenye ubao wa sanduku: mlango ulikuwa upande gani, ukuta ulikandikwa kwa udongo wa rangi gani, mti gani ulisimama uani. Nyuma yake aandike jina la kijiji na mwaka walipoondoka.